Kitoweo Si Anasa: Vidokezo vya Salfa kwa Mla Muhogo

Ukitaja salfa Mtwara, mkulima wa korosho atainua macho juu ya mkorosho, maana kwake salfa ni ule unga wa njano wa kupulizia ugonjwa wa ubwiri unga. Ukiitaja Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, watu wazima watakurudisha kwenye jina la siku nyingi: kibiriti upele, dawa ya kupaka mwili unapowasha. Mmoja kaiweka mtini, mwingine ngozini. Mezani hakuna anayeitaja, na huko ndiko inakoingia kila siku bila kupiga hodi. Mtu wa kilo 70 anatembea na takriban gramu 140 za salfa mwilini, pungufu kidogo ya uzito wa mayai matatu. Vidokezo ndivyo hivi. Nasema mapema kwamba nitakawia kwenye muhogo, kwa sababu huko ndiko salfa inakoamua nani atatembea na nani hatatembea.

1. Usiende dukani kuulizia "salfa ya kula"

Mwili hauna kazi na ule unga wa njano. Salfa tunayoihitaji inakuja ndani ya protini, imebebwa na asidi amino mbili: methionini na sisteini. Methionini hatuwezi kuitengeneza, lazima tuile. Sisteini mwili huiunda kutokana na methionini ukipewa ya kutosha. Wataalamu wa WHO na FAO, katika ripoti yao ya mwaka 2007, walikadiria kuwa mtu mzima anahitaji miligramu 15 za hizo mbili kwa jumla, kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mwenye kilo 60 anatafuta miligramu 900.

Sasa tupige hesabu ya jikoni. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kinakaribia kuzimaliza zote. Yai moja linatoa kama theluthi. Muhogo mbichi wa gramu 100 hautoi hata miligramu 50. Basi hapo umeshaona mambo yanakoelekea.

2. Ukitaka kuijua, nusa manyoya ya kuku yanayoungua

Kuku akishanyonyolewa na kupitishwa motoni kumaliza vinyoya, ile harufu inayokupanda puani ni salfa. Ni ile ile ya nywele zilizoshikwa na moto wa chemli. Nywele, kucha na manyoya vimeshonwa kwa protini yenye salfa nyingi, na chembe mbili za salfa zikishikana mikono zinafanya pingu inayoupa unywele ugumu wake. Dawa ya kunyoosha nywele saluni kazi yake ni kuzivunja pingu hizo, ndiyo maana ikikaa dakika tano za ziada nywele zinakatika mkononi.

Pingu za namna hiyo zimo pia katika insulini, ile homoni ya sukari. Insulini ni minyororo miwili iliyounganishwa kwa madaraja mawili ya salfa, na daraja la tatu limo ndani ya mnyororo mfupi. Yakivunjika madaraja, insulini haifanyi kazi tena.

3. Muhogo usiuache peke yake kwenye sahani

Muhogo wa nazi kwa changu wa kukaanga: mtu wa Pemba hahitaji kufundishwa ladha hiyo. Asichoambiwa ni kwamba yule changu hakuja kwa ajili ya ladha tu.

Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Muhogo ukikatwa, ukitwangwa au ukitafunwa, linamarini inakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimefichwa chumba kingine cha mmea, na matokeo yake ni sianidi. Muhogo mtamu, huu tunaoumenya na kuuchemsha nyumbani, una kiasi kidogo tu, na sehemu kubwa iko kwenye ganda. Simtishi mtu. Lakini hata kile kidogo kinachopita, ini linakishughulikia kwa njia moja kuu: linaipachika sianidi chembe ya salfa na kuigeuza thiosianati, ambayo haina ukali wa aina hiyo na hutoka kwa mkojo.

Kila chembe ya sianidi inaondoka na chembe ya salfa. Kwa maneno mengine, muhogo unakopa. Anayelipa ni samaki, yai, kunde, kuku. Mtu anayekula muhogo mkavu asubuhi, mchana na jioni anajenga deni, ingawa hatavuliwa nguo sokoni kwa ajili yake. Deni hili linadaiwa kwenye mwili wenyewe.

Kwetu anayekula bila kitoweo anaonewa huruma kwa kuwa hana kitu, na anayetafuta kitoweo kwa bidii anaambiwa ana uroho. Hilo ndilo linalonikera. Kitoweo kimewekwa kwenye fungu la anasa, kitu cha baba kuongezewa na watoto kuonjeshwa mchuzi. Kama kuna mmoja wa kupewa kipande kikubwa, ni mtoto anayekua na mama anayenyonyesha, kwa sababu hao salfa yao wanaitumia kujenga, siyo kulipia muhogo tu.

4. Muhogo mchungu usiuharakishe, hata njaa ikibisha

Deni likizidi linaitwa konzo. Jina linatoka kwa Wayaka wa Kwango, Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu analala mzima, au yuko njiani na mzigo wa kuni, ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Haiumi sana, haizidi siku hadi siku, lakini hairudi ilivyokuwa. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Usidhani ni habari za mbali. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji, wenyewe wakiuita mantakassa. Daktari Msweden Hans Rosling, aliyekuwa mganga wa wilaya ya Nacala wakati huo, alitumia miaka mingi baadaye kuufuatilia. Mwaka 1985 Julie Cliff na wenzake, Rosling akiwamo, walichapisha katika jarida la Lancet walichokiona kwenye mkojo wa watoto wa maeneo hayo: thiosianati nyingi, salfeti kidogo. Sianidi imeingia kwa wingi, salfa ya kuisindikiza nje imekauka. Mwaka huo huo wa 1985 ukame uliuleta ugonjwa Tarime, mkoa wa Mara. Mtwara nako umerudi zaidi ya mara moja.

Kila mahali hadithi ni moja. Mvua imekataa, mazao mengine yamekufa, muhogo mchungu umebaki kwa sababu hata nyani na nguruwe hawauthubutu. Ukame wenyewe unauongezea ukali. Kwa kawaida watu huumenya, huuroweka siku kadhaa hadi ulainike, kisha huuanika ukawa makopa. Njaa ikibisha, siku za kuroweka zinapungua, na ni msimu ule ule ambao samaki na maharage hayanunuliki. Sumu imeongezeka, dawa yake imepungua, zote kwa wiki moja.

5. Unga wa muhogo mchungu uulowanishe, uutandaze, usubiri

Hiki ni kidokezo cha bei ya maji. Kilibuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na kimefundishwa Mtwara kwa kushirikiana na watu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na pia Popokabaka huko Kwango. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, utie alama ulipofika. Mimina maji ukikoroga. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha kumimina. Utandaze juu ya mkeka safi au sinia, unene usizidi sentimita moja. Saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sianidi inapaa hewani. Pika ugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haukai.

Wanawake waliojaribu walisema ugali wenyewe unakuwa mtamu zaidi, uchungu umetoka. Sijui tangazo la lishe linaloshinda hilo.

6. Kisamvu: kinu kwanza, sufuria baadaye

Majani ya muhogo yana linamarini kupita mzizi. Kutwanga kunayapasua na kukikutanisha kile kimeng'enya na kazi yake. Kuchemsha bila kufunika kunaifukuza sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Anayeyakatakata kwa kisu na kuyatumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya moto anakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza. Kwa hiyo mlio wa mchi jioni usiuone ushamba.

7. Chumvi iwe na madini joto, ingawa bahari iko pale

Thiosianati iliyotoka kwenye ini, kabla haijafika kwenye mkojo, inapita shingoni na kugombania nafasi na madini joto kwenye tezi. Mla muhogo mwenye upungufu wa madini joto anaota rovu kirahisi zaidi. Na Pemba rovu limewahi kukutwa kwa wingi kuliko Unguja, katika kisiwa kinachovuna chumvi yake chenyewe. Watu walijiaminisha kuwa anayeishi pwani hawezi kukosa madini joto. Chumvi ya mashimoni haina ya kutosha mpaka iongezwe. Tazama mfuko.

8. Dagaa ni salfa ya bei ya chini. Pweza ana ya ziada

Dagaa wa kuanikwa amepoteza maji, protini imebaki, kwa hiyo ukimpima kavu anampita samaki mbichi kwa mbali. Mwoshe mchanga kwa maji ya vuguvugu, mkaange kidogo, mpike kwa nazi na ndimu. Anayemkata kichwa na kukitupa anajua mwenyewe anachotafuta.

Pweza, yule anayechokorwa na kina mama miambani maji yakitoka, ana taurini nyingi, nayo ni dada mwingine wa salfa. Iligunduliwa mwaka 1827 kwenye nyongo ya ng'ombe dume, ndiko lilikotoka jina. Leo hii inatiwa kwenye vinywaji vya kopo vya kuchangamsha. Vijana wanaonunua kopo huku wamesimama mbele ya sufuria ya supu ya pweza wananichekesha. Kuhusu sifa nyingine za supu hiyo, zile zinazosemwa kwa kunong'ona, nawaachia wanaonong'ona.

9. Siku hakuna samaki, oanisha

Upepo ukichafuka na vyombo havitoki, muuzaji wa samaki mwenye baiskeli hapigi honi. Usikate tamaa. Kunde, choroko na mbaazi zina protini nyingi ila methionini yake ni haba. Mchele, mtama na mahindi vina methionini nzuri kidogo, vikikosa lisini ambayo kunde zinayo tele. Wali kwa choroko, au mkate wa mofa kwa mbaazi za nazi: kimoja kinamsitiri mwenzake. Ufuta una methionini kuliko jamii yote ya kunde, kijiko cha ufuta uliosagwa si kitu cha kudharau.

Mbaazi ziroweke usiku kucha na maji yake uyamwage, kwa heshima ya watakaolala chumba kimoja nawe. Upepo wa mbaazi ni mwingi ila hauna ukali. Ule wenye ukali wa yai viza ndio wenye salfa ndani yake.

10. Kitunguu thomu kipondwe, kisha kipumzishwe dakika kumi

Thomu mzima hana harufu. Ukimponda, kimeng'enya kinakutana na alini na kutengeneza alisini, yenye salfa, ndiyo ile harufu na ukali wake wote. Moto unakiua kimeng'enya hicho mara moja. Kwa hivyo ponda kwanza, katakata mengine, rudi baada ya dakika kumi ndipo utie kwenye mafuta. Kitunguu maji nacho kina salfa yake, inayopaa na kukutoa machozi. Kisu kikali kinapunguza kilio kwa sababu hakipondi.

Ila tusidanganyane. Thomu anasaidia kidogo, hatibu shinikizo la damu mpaka mtu aache vidonge alivyopewa. Wala hawezi kulipa deni la muhogo. Salfa yake ni ya harufu zaidi kuliko ya kujengea.

11. Mchele usiuoshe mpaka maji yawe kama ya kisima

Vitamini B1 imejengwa na salfa ndani yake na mwili hauwezi kuiunda, hata ukiwa na salfa tele. Iko kwenye ganda la punje, ndilo linalokobolewa ili mchele ung'ae. Kidogo kilichobaki kinaondoka na maji ya kuoshea. Mwaka 2004, Mayotte, kwa majirani zetu wa Ngazija, watoto wachanga walikufa kwa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Osha mara mbili, toa mawe, bandika. Kunde pembeni zitafidia.

12. Kabla ya kumeza kidonge cha lishe, kumbuka Wawi

Wawi ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Mtaliano aliyekuwa bingwa wa vimelea. Wengi wanaijua kwa minyoo na kichocho. Lakini kisiwa hiki kimeifundisha dunia somo jingine. Mwezi Januari 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Pemba na Sunil Sazawal na wenzake, kwa watoto wadogo zaidi ya 24,000. Madini chuma pamoja na asidi foliki vilitolewa kwa nia njema kabisa, kama kinga ya upungufu wa damu. Mahali penye malaria nyingi, waliopewa walilazwa na kufa zaidi ya wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2003 kabla ya wakati. Ushauri wa dunia kuhusu madini chuma kwa watoto wa nchi za malaria ukabadilika.

Basi mtu akikuletea kwenye simu picha ya kopo la salfa la kulainisha magoti na kukuza nywele, usimjibu haraka. Kwa anayepata kitoweo, salfa haipungui. Na vile vidonge vya biotini, vitamini nyingine yenye salfa, vikimezwa kwa dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, hasa vya tezi na vya moyo. Ukienda kupima, mwambie mtu wa maabara unachomeza.

13. Panadol hulipiwa kwa salfa pia

Parasetamoli ikipita kwenye ini inaacha kipande chenye sumu. Anayekizoa ni glutathioni, iliyoundwa kwa sisteini. Ukimeza kupita kiasi, glutathioni inakwisha na ini linaungua polepole, mgonjwa akijiona mzima siku ya kwanza. Dawa ya hospitali ya kuokoa ni sisteini iliyofanyiwa marekebisho kidogo, na inafaa sana ikiwahi saa nane za mwanzo. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye utapiamlo aende chini ya hapo kwa ushauri wa daktari. Hesabu pia parasetamoli iliyojificha ndani ya dawa za mafua.

14. Mzio wa dawa za salfa haukukatazi yai

Aliyevimba midomo kwa Septrin au kwa SP asiache kula samaki na thomu. Dawa hizo zina umbo lake maalumu. Salfa ya chakula haihusiki. Mzio wenyewe uandikwe tu kwenye kadi ya kliniki, hasa kwa mama mjamzito ambaye SP atapewa kujikinga na malaria.

15. Doriani: zuia pua, fungua mdomo

Ukali wa harufu yake unatoka kwenye salfa. Wanasayansi waliosoma jenomu ya doriani mwaka 2017 waliikuta na nakala za ziada za jeni la kuvunja methionini na kuigeuza harufu. Mgeni akikimbia, fungu lake ligawaneni.

16. Kibiriti upele kibaki ngozini

Cha kupaka ni unga safi wa dukani, uliochanganywa na mafuta mazito kama vaselini kwa kiasi cha sehemu 5 hadi 10 kwa mia. Siyo ule wa korosho, ambao huenda umechanganywa na vitu vingine na hauliwi wala haupakwi. Ni dawa kongwe ya upele, na hadi leo huandikiwa watoto wachanga na wajawazito wasioruhusiwa dawa kali zaidi. Hupakwa mwili mzima usiku, siku tatu mfululizo, na nyumba nzima ipake kwa pamoja, la sivyo upele utazunguka kama kikombe cha kahawa barazani. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Atakayelalamikia harufu, muulize mwaka huu alikula doriani ngapi.